Nyumba Imeipa Bustani Kisogo

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kama nafasi ipo naomba unijibu kwenye gazeti la Alhamisi hii hii, maana Jumatatu mafundi wanaanza kuchimba msingi, na Jumamosi kuna mtu anakuja nyumbani kwangu kuchukua suruali yake, na hiyo suruali, kama utakavyoona, inaweza kunivunjia nyumba kabla sijaijenga.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, mwaka wa kumi na tisa huu kazini, mke wangu ni fundi cherehani, tuna watoto watatu, na tangu tuoane tumeishi nyumba za kupanga, hii ya sasa ina vyumba ambavyo madirisha yake yanatazama ukuta wa jirani kwa karibu sana kiasi kwamba jirani akipiga chafya sisi ndio tunaomwambia pole. Mke wangu anashonea chumba cha mbele, taa inawaka kutwa, na kila akitaka kutunga uzi anainuka, anakwenda mlangoni, anainyanyua sindano kwenye mwanga, anafumba jicho moja, anatunga, anarudi kukaa, na kitambaa kikiwa cheusi anakwenda mlangoni hata kuangalia kama mshono umenyooka, na safari hizo za mlangoni nimeziona miaka mingi mpaka nikaacha kuziona. Mwaka jana daktari wa macho alimwambia waziwazi kwamba akiendelea kushonea gizani namna ile, kazi yenyewe itamtupa mkono kabla hajazeeka. Alirudi nyumbani akanieleza huku anapiga pasi, kama anayesimulia habari za mtu mwingine.

Basi tukapata kiwanja. Ni kizuri, nikisema kizuri usidhani najisifu, barabara iko upande wa machweo, na kwa nyuma, upande wa mawio, ardhi inateremka polepole mpaka kwenye bonde lenye miti, ng'ambo kuna vilima, na katikati kuna mlimao wa zamani ambao aliyetuuzia alitaka kuukata, mke wangu akamwambia auache. Siku ile ile akaniambia, "Baba, mimi sina mengi. Nipe dirisha moja la asubuhi na mlango wa kutokea bustanini bila kuzunguka. Mengine pangeni mnavyotaka."

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mtu akilifanya. Alichukua kigoda cha jikoni na furushi la vijiti akawa anakwenda navyo kiwanjani, leo asubuhi, wiki ijayo adhuhuri, siku nyingine alasiri, anakaa, anatazama kivuli kimeishia wapi, anachomeka kijiti, anaandika kwenye daftari kuukuu nililomletea kutoka shuleni, na alifanya hivyo miezi saba, maana alisema jua halikai mahali pamoja mwaka mzima, na mimi mwalimu wa jiografia nikamjibu, "Ni kweli kabisa," nikaendelea kusoma gazeti. Majirani wa kule walimuuliza kama analinda kiwanja au anahesabu sisimizi. Alipomaliza akanikabidhi daftari akasema, "Mpelekee mchoraji ramani. Yote yamo."

Mshauri, sikulipeleka.

Hapa lazima nikueleze habari za kaka yangu mkubwa. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha, nisingekuwa mwalimu bila yeye, na ukoo mzima tunamwita Injinia, si kwa sababu aliusomea uhandisi, hapana, alijenga nyumba moja tu na haikuanguka. Siku tuliyokwenda kwa mchoraji alikuja na ramani ya nyumba yake mwenyewe ameikunja kwapani, akaitandaza mezani, akasema, "Ya nini kuhangaika? Nyumba hii hapa. Imejaribiwa. Sebule mbele, ndiyo uso wa nyumba, mtu akipita barabarani aseme pale anaishi mwalimu. Jiko na stoo na vyoo nyuma, visionekane." Mimi daftari lilikuwa ndani ya mkoba wangu, mkono wangu uko juu yake, na nilikuwa nikitafuta pa kuanzia, hapo kaka akamwambia mchoraji kwa kicheko, "Shemeji yangu siku hizi anakwenda kuchunga jua kwa kigoda," mchoraji akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao. Nikautoa mkono mkobani mtupu.

Daftari likaenda kulala kwenye droo yangu ofisini shuleni, chini ya ramani za dunia. Mke wangu alipouliza mchoraji amesemaje, nikamwambia mchoraji amekataa, haiwezekani, mabomba hayaruhusu. Akaniuliza, "Mabomba gani?" Nikasema, "Ya maji." Akanitazama, akarudi kwenye cherehani. Tangu siku hiyo hasemi "nyumba yetu" tena, anasema "nyumba yenu", yaani mimi na kaka, na anaisema bila hasira, jambo linaloniumiza zaidi, maana mke wangu akikasirika najua pa kumshika, lakini huyu aliyenyamaza simjui.

Wiki mbili zilizopita fundi mkuu alipigilia vigingi na kuvuta kamba, akaniita nikaone. Nilitoka shule nikafika saa kumi jioni, nikasimama mahali itakapokuwa sebule, na jua likanipiga usoni hata sikuweza kumwona fundi aliyekuwa mbele yangu. Fundi akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, wageni wako watakuwa wanavaa kofia humu ndani?" Ndipo likaniingia kichwani lile ambalo mwanafunzi wangu wa darasa la tano angeliona akiwa amefumba macho. Nyumba ya kaka barabara yake iko mawio. Sebule yake inapata jua la asubuhi, jioni ni baridi raha mustarehe. Kwangu barabara iko machweo, kwa hiyo ramani ile ile imegeuka nyuma mbele, sebule inaungua kila alasiri, na upande wa asubuhi, wenye bonde na vilima na mlimao, tumewapa stoo, vyoo viwili na dirisha la jiko la kimo cha kichwa. Na kwenda bustanini unatoka jikoni, unapita stoo, unapita ujia, unazunguka nyumba nzima.

Nilirudi shuleni siku hiyo hiyo nikalitoa daftari na kulisoma kwa mara ya kwanza. Mshauri, sijasoma kitabu kikaniliza tangu nikiwa kijana. Kurasa na kurasa za saa na vivuli, jua la mwezi huu na la mwezi ule, upepo unatokea wapi, maji ya mvua yanapita wapi, michoro ya vijiti. Na ukurasa wa mwisho, kwa penseli, kona moja ya nyumba imeandikwa hivi: "Hapa baba watoto, meza yake ya kusahihishia madaftari. Jua limtokee nyuma lisimuumize kichwa. Akiinua macho aone mlimao."

Mimi huumwa kichwa kila nikisahihisha madaftari jioni. Sikujua kama amewahi kulitia hilo maanani.

Sasa suruali. Mchoraji ramani, katika mafundi wote wa nguo mjini, amempelekea mke wangu suruali ya suti aipunguze, na Jumamosi anakuja kuichukua mwenyewe, na mke wangu ameshaniambia, huku anapima pindo, "Akija nitamuuliza hayo mabomba yana nini." Nimewaza kumpigia simu mchoraji nimwombe aniunge mkono kwenye habari ya mabomba. Nimewaza pia kumfanyia mke wangu dirisha kubwa pale stoo, ashonee humo, ramani ibaki ilivyo na kaka asiudhike. Au nibadilishe ramani kimyakimya, kisha nimwambie mke wangu kwamba mabomba yamepatiwa ufumbuzi? Nikimwambia ukweli ataniona mtu wa namna gani? Na kaka nitamtazama kwa jicho lipi? Naomba uniongoze, nimekwama.

Ni mimi,
Mwalimu wa Jiografia



MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilivua miwani nikaifuta.

Nianze na la heri, maana linakuja moja tu. Umeandika kabla msingi haujachimbwa. Wengi huniandikia bati likiwa limeshapigwa, wananiuliza la kufanya, na mimi sina la kuwaambia zaidi ya pazia zito. Wewe una vigingi na kamba. Vigingi vinang'oka kwa mkono. Kwa hiyo acha kuandika kama mtu aliyefiwa, kaa sawa, unisikilize.

Hukumkosea mkeo kwa kumheshimu kaka yako. Mtu aliyekulea ana haki ya kusikilizwa, na nakuelewa mkono ulivyokuwa mzito mkobani. Ulimkosea ulipocheka. Mwanamke amekaa juani miezi saba kwa ajili ya nyumba yako, na wewe ukamcheka mbele ya watu wawili, mmoja wao hata hakuwa akimjua. Hilo moja. La pili, ulimdanganya. La tatu ndilo linalonichemsha damu: unafundisha watoto wa watu jua linatokea wapi, unapokea mshahara kwa kazi hiyo, halafu nyumba yako mwenyewe unaigeuza kisogo kwa mawio! Mwalimu, wanafunzi wako wakilijua hili utasimamaje ubaoni?

Na mabomba umeyasingizia bure. Bomba halina msimamo. Linakwenda linakopelekwa.

Hebu nikuulize. Wageni wanakuja kwako mara ngapi kwa mwezi? Wale wa kukaa sebuleni, wa kufungulia soda. Sema mara mbili. Mpita njia anayesema "pale anaishi mwalimu" ni yupi, ana jina, atakuja kukuletea maji ukiumwa? Mkeo yumo humo kila siku, asubuhi mpaka jioni, na kazi yake inategemea macho yake. Mimi mwenyewe nimeishi miaka ishirini na sita katika nyumba iliyochorwa na wanaume watatu waliosimama barabarani. Sehemu ya kuanikia nguo iko nyuma na mlango uko mbele. Miaka ishirini na sita nimepita na beseni la nguo zilizolowa katikati ya wageni, nikisema "samahani, samahani", na hao wageni wamenyanyua miguu yao. Marehemu mume wangu nilimpenda. Lakini mlango ule sijamsamehe mpaka leo.

Sasa tufanye kazi.

Mchoraji usimpigie simu ya kumwomba uongo. Ukifanya hivyo utakuwa na uongo wa watu wawili, na wa pili humwezi. Dirisha la stoo pia sahau. Mkeo si gunia la mkaa. Wala usibadilishe ramani kimyakimya ukajifanya umepambana na mabomba ukayashinda, kwa sababu hapo mkeo atakushukuru kwa kitu ambacho ni chake, na shukrani hiyo itakukaa kooni maisha yako yote.

Leo ni Alhamisi. Ukimaliza kusoma, mpigie fundi mkuu, mwambie Jumatatu hakuna kuchimba. Atanung'unika, mwache. Ramani mpya ichorwe, ipitishwe na wanaohusika, ndipo jembe liguse ardhi. Wiki chache za kusubiri si kitu kwa nyumba ya kuzeekea.

Kesho, ukitoka shule, lichukue daftari kwenye droo. Nyumbani usizunguke. Usianze na historia ya kaka yako, usianze na jinsi ulivyochoka. Sema hivi: "Daftari lako sikulipeleka. Mchoraji hajaliona. Mabomba niliyatunga. Niliona aibu mbele ya kaka, na nilikucheka." Maneno hayo tu. Kisha nyamaza. Atanyamaza na yeye, tena huenda kwa muda mrefu, na wewe utawashwa ulimi utake kuujaza ukimya ule na sababu zako. Usithubutu. Akilia, mwache alie. Akikufokea, shukuru, maana huyo anayefoka umesema unamjua.

Ataniona mtu wa namna gani, unauliza. Mwalimu, ameshakuona. Alipokuuliza "mabomba gani" alikuwa ameshajua. Anachongoja ni kama utakuja mwenyewe au utaletwa na suruali.

Jumamosi nendeni kiwanjani wote wawili. Mkitoka, mjulisheni mchoraji kwamba suruali yake ataikuta huko huko. Akifika apewe suruali kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono wa pili, na anayempa awe mkeo, na wewe usimame kando uthibitishe kwa mdomo wako kwamba hiyo ndiyo nyumba unayoitaka. Kama ulicheka mbele yake, sema mbele yake.

Vigingi vya zamani msiving'oe kwanza. Vina kazi moja imebaki. Siku hiyo hiyo mkaribishe kaka yako, na umkaribishe saa kumi jioni kamili. Mwekee kiti kizuri pale sebuleni, ndani ya kamba, akitazama barabara. Mpe kinywaji. Mwulizie afya, mwulizie watoto wake, mwulizie nyumba yake. Kuhusu jua usiseme hata neno. Nakuhakikishia haitapita robo saa kabla Injinia hajaanza kusogeza kiti chake, na akikisogeza, msaidie kukibeba mpaka nyuma, chini ya mlimao, mkae hapo. Hapo ndipo umwambie, kwa adabu na kwa sauti inayosikika: "Kaka, ramani yako ni nzuri na nyumba yako ni nzuri. Kiwanja changu kimetazama kwingine. Nimechagua ramani ya mke wangu." Hilo la mwisho usilimumunye. Akiudhika ataudhika wiki moja, na siku ya kuhamia ndiye atakayewatembeza wageni akiwaonyesha lile bonde na kuwaambia hilo wazo tulilitoa sisi. Mwachie. Nawajua hawa.

Mimi si mchoraji, lakini nimesoma barua yako kwa macho ya mtu aliyebeba beseni, kwa hiyo ongezeni haya kwenye mazungumzo. Visivyokaliwa na watu, stoo, bafu, choo, makabati, vipelekeni upande wa machweo vikaungue huko, havitalalamika, na mpande mti wa kivuli mbele yake. Jiko lipeni kona ya asubuhi na mlango wake mwenyewe wa kutokea bustanini, hatua mbili na umefika. Jiko na bafu vipeane mgongo, hayo mabomba yako mashuhuri yapite ukuta mmoja. Sebule ifunguke nyuma kwa mlango mpana, mgeni akikaa aone vilima. Wateja wa mkeo wapate njia yao ya pembeni kutoka barabarani, wasipite kwenye vyumba vya kulala kwenda kupimwa magauni. Kabla ya mchoraji kushika kalamu, vuteni kamba upya na mtembee ndani ya hiyo nyumba ya kamba. Beba beseni la maji kutoka jikoni mpaka kwenye mlimao. Wewe ubebe, si yeye. Mguu ukikwama, mlango umekosewa.

Lakini yote haya, akisema vingine, fuata lake. Amekaa pale miezi saba. Mimi na wewe hatujakaa hata asubuhi moja.

La mwisho, Mwalimu, na hili nimelibakiza makusudi. Umenieleza ule ukurasa wa penseli ukanitoa machozi. Meza yako ipo, jua liko mgongoni kwako, mlimao wako unaonekana. Nimerudia barua yako mwanzo hadi mwisho nikitafuta mkeo aliiweka wapi cherehani yake, na sikuona. Umelisoma daftari zima ukaniandikia mahali pako. Kesho ukimrudishia, mwombe akufungulie ukurasa wenye cherehani yake, akuonyeshe kwa kidole mahali pake yeye.